Siku Kumi na Moja Ambazo Sikwenda

Mpwa wangu wa kike tulimpachika jina la Profesa akiwa na miaka tisa, na tulimpachika kwa kumcheka. Alikuwa mtoto wa maswali hadi mtu mzima unatafuta pa kujificha. Ukimwambia ndoo imejaa, atachungulia kwanza. Ukimwambia ni mbali, atauliza hatua ngapi. Siku moja alimsahihisha baba yake mbele ya wageni kuhusu idadi ya madirisha ya nyumba waliyokuwa wakiishi, akatoka nje kuyahesabu, akarudi ameshinda. Mama yake, ambaye ni dada yangu mdogo, alisema mtoto huyu ama atafika mbali ama atapigwa sana. Yote mawili yalitokea, ila aliyempiga sana ni chuo kikuu.

Mimi nilikuwa msoma mita wa idara ya maji kwa miaka thelathini na mmoja. Lazima nieleze kidogo kazi hiyo, maana balaa lote lilitokea humo. Unapita nyumba kwa nyumba na daftari, unafunua kifuniko cha mita, unaandika tarakimu, unakwenda nyumba ya pili. Sasa siku nyingine geti limefungwa, au mbwa ameamka vibaya. Huwezi kurudi ofisini na nafasi tupu. Nafasi tupu kwenye daftari la msoma mita ilikuwa kosa la kuitwa na bosi na kuulizwa kama umechoka na kazi. Kwa hiyo unaangalia nyumba ile ilitumia kiasi gani mwezi uliopita, unaongeza kidogo, unaandika. Tuliita kukadiria. Pembeni unaweka herufi K, ndogo kama chawa, ambayo bosi hakuwahi kuiona na wala hakuwa na haja ya kuiona. Wote tulikadiria, na mimi nilikuwa hodari kuliko wenzangu. Geti likifunguliwa mwezi unaofuata, namba yangu na namba ya mita zilipishana kiduchu tu, na nilitembea kifua mbele siku nzima.

Profesa alikua, akasoma, akawa mwalimu wa jiografia wa sekondari. Shahada ya kwanza akapata, ya pili akapata, tukafikiri sasa amepona. Akiwa na miaka thelathini na minne akatangaza kwamba anakwenda kusomea uzamivu. Dada yangu alikaa chini. Akaniambia, "Kaka, huyu mtoto hasomi, anaumwa."

Alichotaka kukijua kilikuwa rahisi kukisema. Kule mabondeni, upande wa chini wa mji, ambako mabomba ya idara yetu hayakuwahi kufika ingawa tuliahidi kila mwaka, watu wanaishi kwa visima. Na visima vile vilikuwa vinakauka mapema zaidi kila kiangazi. Kwa nini? Je, ni mvua, ni watu kuongezeka, au ni viwanda vya juu vinavyovuta maji kwa pampu? Kila mtu mabondeni alikuwa na jibu lake na alikuwa tayari kugombana. Profesa alitaka kupima.

Hapo ndipo kipigo kilipoanza. Andiko lake la utafiti lilikataliwa mara ya kwanza kwa kuwa pana mno. Akalipunguza, likakataliwa kwa kuwa jembamba. Msimamizi wake wa kwanza alipata kazi nchi nyingine, akaondoka na kumwachia barua ya mistari miwili, mmoja ukiwa wa kumtakia heri. Msimamizi wa pili, mama mmoja mkali mwenye sauti ya chini, alimwambia aanze upya sura ya kwanza, kisha akaenda likizo ya ugonjwa miezi saba. Karani wa ofisi ya shahada za juu alipoteza faili lake, na lilipopatikana lilikuwa limewekewa birika la chai juu. Profesa alinionyesha duara la kahawia kwenye ukurasa wa jina lake. Mimi ningepindua meza. Yeye aliomba karatasi nyingine, akajaza fomu palepale amesimama. Nilisema nikiwa nyumbani kwake jioni hiyo, na nasema tena hapa, sijaona mtu wa kujikaza kisabuni kama yule.

Miaka minne ilipita hivyo kabla hajapima hata tone. Chuo kinampa mwanafunzi miaka minane, kisha jina linafutwa. Hesabu yake ilikuwa hiyo, na sote tuliijua.

Alichagua visima tisa, vinne vya juu na vitano vya mabondeni, namba tano hadi tisa. Vilitakiwa kupimwa kila siku alfajiri kabla watu hawajaanza kuteka. Unateremsha utepe mrefu wa mafundi ujenzi wenye kipande cha chuma mwishoni, unasikiliza chuma kikigusa maji, unasoma umbali kutoka ukingoni, unaandika. Vya juu vilikuwa njiani kwake akienda shuleni. Vya mabondeni vilihitaji mtu. Nikiwa nimestaafu, nimekaa nyumbani nagombana na redio, nikajitolea.

"Mjomba, ni kila siku," akaniambia. "Hakuna Jumapili."

"Unamfundisha nani kusoma maji?" nikamjibu. "Ulipokuwa unavaa sare ya darasa la tatu nani alikufundisha kusoma mita?"

Akacheka, akanipa daftari.

Miezi minne ya kwanza sikukosa hata siku moja. Kisha goti langu la kushoto likaanza visa vyake. Asubuhi moja nilifika kisima cha tano na cha sita, nikatazama mteremko wa kwenda cha saba, nikatazama goti. Jana kilikuwa mita nane na sentimita kumi na mbili. Juzi kumi na moja. Mtu hahitaji shahada kujua leo ni kumi na tatu. Nikaandika kumi na tatu. Kesho yake nilikwenda kupima, nikakuta kumi na nne, na nakiri nilifurahi. Herufi K sikuiweka. Sikutaka aone mjomba wake amezeeka.

Basi nikawa nafanya hivyo mara mojamoja. Mvua ikiwa kubwa, nakadiria. Nikienda msibani, nakadiria. Kila Ijumaa Profesa alikuja kuchukua namba, akanishukuru kwa mikono miwili, na mimi nikapokea shukrani hizo na macho makavu. Moyoni nilijiona namsaidia. Ningemrudishia vipi daftari lenye mapengo, yeye aliyekuwa amehangaishwa kiasi kile?

Mwezi wa kumi na nne Profesa alipeleka kitambaa cha gauni kwa fundi cherehani mwenye kisima cha saba. Wakiwa katika mazungumzo ya kawaida fundi akamwambia, "Mwalimu, kisima changu mwaka jana wakati wa kiangazi tulikisafisha. Tulikivuta maji yote, kikakaa siku tatu kikavu, tukatoa matope na viatu vya watoto."

Profesa akamuuliza tarehe. Fundi alikuwa ameiandika ukutani kwa chaki, kama anavyoandika vipimo vya wateja.

Jumapili hiyo mchana alikuja kwangu na madaftari matatu. Dada yangu alikuwepo. "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Profesa. Karibu, keti."

Hakuketi. Akafungua daftari la pili, akaliweka mapajani mwangu. Siku tatu zile ambazo kisima cha saba hakikuwa na maji, mimi nilikuwa nimekuta maji. Mita nane na arobaini, arobaini na moja, arobaini na mbili. Zimepangana vizuri kama watoto wa shule.

"Ulikwenda?" akauliza.

Ningeweza kusema nilikosea kisima. Nilifikiria kusema hivyo. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho yaleyale yaliyochungulia ndoo, nikafyata mkia. "Sikwenda," nikasema. "Nilikadiria. Kazini tulikuwa tunafanya hivyo, mwanangu. Si uongo, ni makadirio."

"Mara ngapi?"

"Chache."

"Siku zipi?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Zingekuwa siku arobaini zinazojulikana, angezifuta, mambo yakaendelea. Lakini sikujua zipi, wala sikukumbuka nilianza lini. Namba zangu za kweli na za uongo zilikuwa zimechanganyika kabisa, na kwa kuwa nilikuwa hodari, hakuna mtu duniani angeweza kuzitenganisha, mimi mwenyewe nikiwemo. Miezi kumi na minne ya visima vitano ilikuwa imekufa pale mapajani mwangu.

Dada yangu alikuwa wa kwanza kufungua mdomo. Alisema namba zinafanana na ukweli, kisima kimoja tu ndicho kimeonekana, na fundi cherehani haendi kukaa na maprofesa. Mimi, badala ya kunyamaza kwa aibu, nikamuunga mkono. Nikasema afute zile siku tatu, basi. Umebakiwa na miaka miwili na nusu, nikamwambia, utaipata wapi mingine?

"Mjomba," akasema, na sauti haikupanda, "hizi namba ndizo zitakazoonyesha watu wa mabondeni wachimbe wapi na wachimbe kina gani. Watu watazinywa hizi namba."

Akakusanya madaftari, akamuaga mama yake, akaniaga na mimi kwa adabu zote. Nilitamani anitukane.

Mabaya hayaji peke yake, na yake yalikuja na barua. Wiki hiyohiyo chuo kilikuwa kimepunguza muda wa wanafunzi wote wa zamani, na jina lake lilikuwemo. Miaka miwili na nusu ikawa mwaka mmoja. Sijui ningefanya nini mimi. Yeye alivaa lile gauni jipya, akaenda mbele ya kamati ya shahada za juu bila kuitwa, akawaeleza yote. Msimamizi wake, yule mama mkali, ndiye aliyenisimulia baadaye. Alisema mzee mmoja wa kamati alivua miwani akamuuliza, "Unajua kwamba ungenyamaza tusingejua?"

"Najua," Profesa akajibu. "Ndiyo maana nimekuja."

Walimtoa nje, wakabishana saa nzima, wakamwita. Walimpa miezi kumi na minane, isiongezwe hata siku. Kumi na miwili ya kupima, sita ya kuandika. Ikipita hiyo, jina linafutwa na miaka yote inakwenda na maji. Na katika maelezo yake, msimamizi aliniambia, hakunitaja. Alisema data zilikusanywa vibaya na yeye ndiye mwenye dhamana.

Wiki tatu sikumwona. Siku ya ishirini na mbili alfajiri nikasikia hodi. Alikuwa mlangoni na daftari jipya na utepe.

"Tafuta mtu mwingine," nikamwambia kabla hajasalimu. "Mimi nimeshakuharibia."

"Mtu mwingine gani anayeamka saa kumi na moja bila kulipwa?" akasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Profesa, mimi ni mzee wa kukadiria. Ndivyo nilivyofunzwa."

"Najua. Sasa utafunzwa upya." Akafungua ukurasa wa kwanza. Alikuwa amechora mistari mwenyewe kwa rula, na pembeni ameacha safu pana. "Siku usiyokwenda, andika hukwenda. Sitauliza kwa nini."

"Na zikiwa nyingi?"

"Zitakuwa nyingi."

Kama unafikiri hilo ni jambo dogo, hujawahi kufanya kazi ofisini kwetu. Mara ya kwanza nilipatwa na homa, siku ya tisa tu ya kazi mpya. Nilikaa kitandani na kalamu, natetemeka, natazama ile nafasi. Namba nilikuwa nazo kichwani zote tano. Mkono ulikuwa unaziendea wenyewe. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa sijaacha pengo, na sasa nilitakiwa nijichongee kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nikaandika, Sikwenda. Nikatokwa jasho kuliko la homa. Ijumaa alipokuja, alilipitishia jicho lile neno, akageuza ukurasa, akaniuliza kama nimekunywa dawa.

Mwaka huo Profesa alikonda hadi pete ikawa inamtoka. Alfajiri anapima visima vyake vinne, asubuhi anafundisha, mchana anasahihisha madaftari ya wanafunzi, jioni anaandika sura ambazo hazihitaji namba ili miezi sita ile ya mwisho imtoshe. Kompyuta yake ilikufa mwezi wa tano na sura mbili ndani. Alizikumbuka, akaziandika tena, akasema za sasa ni bora. Mkuu wa shule alimnyima ruhusa ya siku mbili kwenda chuoni, akaenda Jumapili akamsubiri msimamizi wake nje ya kanisa. Mimi nilikuwa naona hayo yote na naingia mabondeni kila alfajiri na fimbo, goti linalia, nasema liache lilie. Watu wa visimani walinizoea. Yule fundi cherehani alikuwa anasimama kando kunitazama nikiteremsha utepe, na nilijua vizuri kwa nini.

Miezi kumi na miwili ikatimia. Sikwenda zilikuwa kumi na moja. Alimaliza kuandika siku nne kabla ya tarehe ya mwisho, na karani yuleyule wa birika akampigia mhuri.

Siku ya kutetea tasnifu ndugu wanaruhusiwa kukaa nyuma. Tulikaa, dada yangu na kitambaa chake cha machozi, mimi na koti la kustaafia. Mbele walikuwepo wazee wa chuo, na kati yao mtahini aliyetoka chuo kingine, mwembamba, mwenye kidole cha kugonga meza. Profesa alieleza visima vyake kwa nusu saa. Alionyesha kwamba vya mabondeni vinashuka hata wiki za mvua, na vinashuka zaidi siku ambazo pampu za juu zinafanya kazi, na Jumapili pampu zikilala vinapumzika. Nilielewa kila neno. Hata mimi nilikuwa nimeiona ile Jumapili kwenye utepe, nikafikiri ni macho yangu.

Mtahini akafungua kurasa za nyuma kabisa, akagonga meza. "Hapa kwenye kiambatisho nakuta neno sikwenda. Mara kumi na moja. Ni nani hakwenda?"

"Mjomba wangu," Profesa akasema. "Ndiye aliyesoma visima vya mabondeni. Yupo pale nyuma."

Vichwa vyote vikageuka. Sikuambiwa nisimame, lakini nilisimama, fimbo mkononi, kama siku ya kuitwa na bosi.

Mtahini akaacha kugonga meza. "Mzee, siku nyingine zote ulikwenda?"

"Nilikwenda," nikasema.

Ukimtoa Profesa, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo maisha yangu yote, na kama bosi angeniuliza zamani, sijui ningetazama wapi. Mtahini akatikisa kichwa kukubali, akaandika kitu. "Nilikuwa na mashaka na utafiti wa namba nzuri kiasi hiki," akamwambia Profesa. "Sasa naziamini. Endelea."

Alipita. Walimpa masahihisho madogo, na mojawapo lilikuwa la mtahini yule. Alitaka sababu ya kila siku ambayo haikupimwa iandikwe. Kwa hiyo Daktari wetu, maana sasa ni daktari kweli na dada yangu anawatangazia hata wauza mkaa, alikuja kwangu na orodha ya tarehe kumi na moja.

Tukaenda moja baada ya nyingine. Homa, siku nne. Goti, siku tatu. Msiba wa jirani, siku mbili. Mbwa, siku moja, aliniuma nikiwa njiani kabla sijafika kisima hata kimoja. Miaka thelathini na mmoja ya mageti sikuumwa, nikaja kuumwa nimestaafu. Alicheka, akaandika.

Ikabaki moja, ya katikati ya mvua. Kalamu yake ilikuwa inasubiri. Homa ya tano isingemshangaza mtu. Ingekwenda kukaa na wenzake wanne bila maswali. Alikwishapita, shahada anayo, na mimi ndiye peke yangu niliyejua.

"Usingizi," nikasema. "Mvua ilikuwa inanyesha, blanketi zito, nikageukia upande wa pili. Sikuumwa popote."

Aliweka kalamu chini, akafunika uso kwa viganja. Nilifikiri analia, na alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia. Kisha akaichukua kalamu.

"Unaandika kweli?"

"Naandika."

"Chuo kizima kitasoma!"

"Mjomba, wanaosoma viambatisho hawafiki watatu."

Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwezi uliopita nilipanda hadi maktaba ya chuo na fimbo yangu, nikaulizia kitabu cha mpwa wangu. Mkutubi, kijana mwenye haraka zake, aliniletea kitabu chenye jalada gumu jeusi, jina lake limeandikwa kwa dhahabu. Nikafungua nyuma. Ipo pale, kati ya goti na msiba, imechapwa vizuri: Msomaji alilala. Nimeisoma mara kadhaa. Kisha nikamwita yule mkutubi, nikaweka kidole juu ya mstari, nikamwambia huyo ni mimi.